Chafya ya Siku ya Tisa

Nimechoka, na nalisema hili mapema ili asije mtu akaniuliza baadaye ilikuwaje mwanamke wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, akasema uongo juu ya mtoto wa siku tisa.

Jina langu ni Bilha. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita huko Bomet kwa miaka thelathini na mmoja, na watoto waliopita mikononi mwangu wanajua kwamba sipendi insha inayozunguka. Basi sitazunguka. Mwanangu Kipngetich na mkewe Wairimu walinileta Alexandria, Virginia, mwezi wa pili, nije nimsaidie Wairimu akijifungua. Kipngetich anaendesha teksi ya uwanja wa ndege. Wairimu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wanaishi ghorofa ya pili ya jengo ambalo milango yake yote inafanana, hata wiki ya kwanza nilichokonoa kitasa cha watu mara mbili. Wao walidhani nimekuja kubeba mtoto, na kweli nimembeba mpaka mgongo unalia. Lakini nilikuwa nimekuja na shughuli nyingine moyoni.

Nilikuwa na binti, Serah, kifungua mimba wangu. Yeye ndiye aliyetangulia nchi hii. Alisomea uuguzi, akaajiriwa Maryland, akamvuta mdogo wake Kipngetich nyuma yake. Mwaka wa korona aliugua kazini akafa, ana miaka thelathini na mitano, hajaacha mtoto. Ndege zilikuwa zimesimamishwa. Mazishi niliyatazama nikiwa Bomet, kwenye simu iliyoegemezwa kopo la sukari, watu kumi tu wamesimama mbalimbali kwenye nyasi. Mtandao ulikatika jeneza likianza kushushwa. Uliporudi, watu walikuwa wanaelekea kwenye magari yao.

Kwa hiyo sikuwahi kumzika. Mtu akiniambia nilimzika binti yangu huwa namsahihisha.

Wiki niliyofika, Kipngetich alinipeleka kaburini, ng'ambo ya mto, upande wa Beltsville. Nilitegemea walau msalaba. Kilichokuwepo ni kibao cha shaba kimelazwa ardhini, sawasawa na nyasi, ili mashine ya kukata majani ipite juu bila kukwama. Kimeandikwa Serah C. Mutai, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Hiyo C ni Cheptoo, jina lake la kuzaliwa. Nilimwuliza mwanangu kwa nini wamelikata.

"Nafasi haikutosha, Mum," akasema, akainama kuondoa majani makavu ambayo hayakuwepo.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hakuna hadithi. Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto hapachikwi jina, anaulizwa. Wanawake wa ukoo humzunguka na kuita majina ya marehemu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Tunaita kurenet. Baada ya hapo ndipo huja jina la namna alivyozaliwa, alfajiri au jioni, mvua ikinyesha au ng'ombe wakitoka malishoni, na mwisho kabisa jina la kanisa. Mchungaji wetu haipendi hiyo sehemu ya kwanza. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo huwa nahudhuria nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Wanaoitwa ni wazee, waliokufa wameshiba miaka na wajukuu. Serah hakustahili kuitwa, nilijua. Hata hivyo nilitoka Bomet na ugoro kijiko kimoja, umefungwa kwenye karatasi ndani ya kifuko changu cha miwani, kwa sababu mtoto akikawia kupiga chafya kuna kina mama humpitishia harufu ya ugoro kwa mbali. Nilipita nao viwanja vitatu vya ndege na hakuna aliyeniuliza. Nilitaka binti yangu arudi, basi. Nilitaka nimbebe tena, nimwogeshe, nimwite na aitike, na kama ilibidi kuvunja utaratibu, ningeuvunja.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Wairimu, ambaye ni Mkikuyu wa Nyeri na ana adabu zake, aliniambia tukiwa bado hospitalini, "Mum, kwetu first born akiwa msichana anaitwa jina la mama ya baba. Kwa hivyo huyu ni Bilha."

"Jina langu bado nalitumia," nikamwambia.

Alicheka mpaka nyuzi za mshono zikamuuma. Nikamweleza desturi yetu, naye akasema sawa, tufanye yetu, mradi fomu ya cheti cha kuzaliwa irudishwe kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili. Fomu yenyewe ilibandikwa kwenye friji kwa sumaku.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Kipngetich alikuwa kazini tangu saa kumi alfajiri. Saa nne asubuhi Wairimu aliingia kuoga, nami nikakaa kwenye kochi na mtoto mapajani. Kwa desturi wanawake huwa wanne au zaidi. Mimi nilikuwa peke yangu, na wifi yangu wa Bomet kwenye simu ya video, anayeonekana kidevu tu. Tuliita pamoja Taprandich, mama mkwe wangu. Mtoto akalala. Tukaita Tapkigen, shangazi wa mume wangu. Tukaita Tabutany. Kisha mtandao ukakatika kama kawaida yake kwenye mambo yangu, nami nikabaki na mtoto na sauti ya maji bafuni.

Nikaita Serah. Nikangoja. Nikaita tena, nikiwa nimeinama masikioni mwake. Mara ya tatu nililiita jina hilo vibaya, kwa sauti ambayo sikutaka mtu aisikie, na mtoto akaendelea kulala kama kifurushi cha unga. Ugoro ulikuwa mezani, kwenye kifuko cha miwani. Sikuugusa. Nataka lijulikane hilo, maana ni jambo pekee la heshima nililofanya siku ile.

Mlango ukagongwa. Nikafungua na mtoto mkononi. Alikuwa mwanamke mweupe wa makamo, nywele amezifunga kitambaa, macho yamezama kwa uchovu, ameshika sufuria ya supu nyekundu inayotoa mvuke. Wairimu alikuwa amenitajia jirani wa ghorofa ya tatu aliyetoka Ukraine, asafishaye vyumba hotelini, ambaye Kiingereza chake kinamtosha kununua mkate. Alinyoosha sufuria. Akaona mikono yangu imejaa, akaiweka chini, akajigusa kifua.

"Oksana," akasema.

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili, kwa nguvu, mpaka akafumbua macho.

Mwanamke yule alitabasamu, akasema neno la kwao la kumtakia mtoto afya, akanipungia mkono akapanda ngazi. Nilibaki nimesimama mlangoni, na maji ya bafuni yakafungwa.

"Mum, amesneeze?" Wairimu akaita kutoka ndani. "Nimeskia amesneeze. Ni jina la nani?"

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja.

"Serah," nikasema.

Nilidhani uongo ungekuwa mzito kuliko vile. Ulitoka mwepesi, kama jibu ambalo mtu amelikariri kwa ajili ya mtihani. Wairimu alitoka amejifunga taulo, analia na kucheka, akampigia Kipngetich simu hapo hapo. Baadaye mwanangu aliniambia kwamba alitoka kwenye foleni ya teksi pale uwanja wa ndege, akaacha zamu yake ipite, akaegesha pembeni. Kwenye simu alisema neno moja tu.

"Too," akasema. Ndivyo alivyokuwa akimwita dada yake tangu utotoni. Kisha nikasikia mwanaume wa miaka thelathini na sita akilia, na indiketa ya gari ikigonga nyuma yake muda wote huo.

Kufikia jioni Bomet nzima ilijua. Wifi yangu alikuwa amenuna kidogo kwamba jambo lilifanyika mtandao ukiwa umekatika, na kwamba Serah si mzee, lakini chafya ni chafya. Walinitumia nyimbo za kwaya kwenye simu. Nilizisikiliza nikiwa nimekaa juu ya kitanda changu na viatu mguuni.

Mtoto alianza kulia Jumanne hiyo hiyo. Alilia Jumanne, akalia Jumatano. Alikuwa akishika titi, ananyonya kidogo, anajitupa nyuma na kupiga yowe. Kwetu wanasema mtoto aliyeitwa jina lisilo lake hukataa kutulia mpaka arudishiwe la kwake. Mimi ni mtu wa chaki na madaftari, najua mtoto hulia kwa sababu ana tumbo. Lakini kila Wairimu alipomwinua na kumwambia, "Nyamaza Serah, nyamaza mami," na mtoto akazidi, nilikuwa natoka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumatano alasiri walimpeleka kliniki. Amepungua uzito. Daktari akasema aongezewe maziwa ya kopo, arudishwe Jumatatu, na kama uzito haujapanda watamlaza.

"Mum, nimechoka hadi sijiskii," Wairimu aliniambia aliporudi. Alikaa chini sakafuni, koti mwilini, akaegemea mlango. Nilimchukua mtoto. Nilimwangalia usoni nikatafuta kitu chochote cha binti yangu, pua, kidole, namna ya kukunja paji, na nikaona mtoto wa siku kumi anayefanana na watoto wote wa siku kumi. Nikajiambia, wewe Bilha, umemwibia huyu.

Alhamisi mchana niliteremka na kapu la nguo za mtoto hadi chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Ni chumba kisicho na dirisha chenye mashine nane, mbili zikiwa mbovu, na benchi moja. Oksana alikuwa amekaa kwenye hilo benchi, miguu ameivua viatu, anatazama sare zake za kazi zikizunguka. Nikatia nguo zangu, nikakaa pembeni yake, kwa sababu mahali pengine pa kukaa hapakuwa.

Alitoa simu, akabonyeza, akaongea nayo kwa lugha yao. Simu ikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, "Habari za mchana. Mtoto mchanga ana hali gani?"

Niliruka kidogo. Kisha nikaisogelea ile simu na kuiambia, "Analia."

Ikamtafsiria. Akatikisa kichwa kwa kuelewa.

"Mwanangu alilia miezi minne," simu ikasema kwa niaba yake. "Sasa ni mwanajeshi, na hapigi simu."

Mashine yake ilibadilisha mzunguko. Mimi nilikuwa na swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni kwa siku tatu, kwa maana kama chafya ni ya kweli, basi kuna marehemu aliyeitika, na nilitaka kumjua ni nani huyo aliyekuja kukaa kwa mjukuu wangu. Nikaiuliza simu, "Jina lako ulirithi kwa nani? Na huyo mtu amekwisha kufa?"

Alisikiliza, akacheka kwa pua. "Hilo ni swali la ajabu. Nilirithi kwa bibi, mama wa mama yangu. Ndiyo, alikufa zamani."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alifuga mbuzi. Alikuwa mkali sana."

Nikamwona bibi kizee mwenye fimbo na mbuzi wake, asiyejua Bomet iko wapi, amejipangia nyumbani kwa kina Mutai. Oksana aliniona uso, akadhani sikuelewa, akajinyoosha mgongo. Hapo ndipo nilipomtambua. Hakuna mtu anayenyoosha mgongo hivyo kabla ya kueleza jambo isipokuwa aliyewahi kusimama mbele ya darasa.

"Wewe ni mwalimu," nikaiambia simu.

"Wa historia," ikajibu. "Miaka ishirini na mbili. Na wewe?"

"Kiswahili. Thelathini na mmoja."

Alinipa mkono, tukasalimiana upya, kikazi. Kisha akanieleza, polepole, akingoja simu imalize kila sentensi kabla ya kuendelea na nyingine, kama mtu anayesomea darasa imla.

"Jina hili si letu la asili. Lilitoka kwa Wagiriki na kufika kwetu pamoja na kanisa. Kanisani, kwenye vitabu, ni Ksenia. Watu wa vijijini walilizoea, wakaligeuza kwa ndimi zao, likawa Oksana. Kwa Wagiriki shina lake ni mgeni. Mtu aliyetoka mbali ambaye hamumjui. Na pia ni wema anaotendewa mtu huyo akifika mlangoni. Kwao mambo hayo mawili hayakutengana." Akavaa kiatu kimoja. "Bibi alisema ni jina la bahati. Mimi husafisha vyumba vya wageni kumi na vinne kwa siku."

Nilikuwa Bomet.

Binti yangu alizaliwa siku ambayo wageni walikuwa wamejaa kwetu. Walikuja kumposa wifi yangu, watu kumi na mmoja, wamekaa sebuleni wanangoja chai, nami uchungu ukanishikia jikoni nikiwa nimeshika birika. Mwanamke mmoja kati ya wale wageni, ambaye sikumjua wala sikuwahi kumwona tena, aliinuka akaja jikoni kuona kwa nini chai inachelewa, akanikuta chini. Yeye ndiye aliyenishika mgongo na kumpokea mtoto kwenye leso yake mwenyewe. Posa ile ilivunjika, hilo ni jambo jingine. Mtoto wa kike akizaliwa nyumbani kuna wageni kwetu huitwa Cheptoo. Hata hatukufikiri. Jina lilikuwa limeshafika naye.

Tulimwita Cheptoo miaka kumi na miwili. Alipobatizwa alipewa Serah, nami, mke wa mwinjilisti na mwalimu mwenye kanzu mbili za kwaya, nikaona Serah ndilo jina la mtu aliyesoma. Nikawa nawakaripia wadogo zake wakimwita vinginevyo. Kipngetich peke yake ndiye aliyekaidi. Na siku ile ya tisa, nimebeba mtoto, nimeita jina la kanisa mara tatu kwa marehemu ambao hawajui kanisa, na la kuzaliwa kwake sikulitamka hata mara moja.

Sasa tazama mtego. Uongo wangu ulikuwa umenigeukia ukakaribia kuwa kweli. Ningeweza kunyamaza. Ningepanda ngazi na nguo safi, nikajiambia kwamba aliyeitika ni binti yangu yule yule, kwamba aliitwa kwa jina lake kwa kinywa cha mtu mwingine, na fomu ikaandikwa Serah, na hakuna ambaye angejua. Nilitamani sana kufanya hivyo. Lakini pia kulikuwa na ule mvuke wa supu uliotoka kwenye sufuria moja kwa moja kwenye pua ya mtoto. Na kulikuwa na bibi wa mbuzi. Ukweli ni kwamba sikujua, na mtu aliyekwisha kusema najua mara moja kwa uongo hana haki ya kulisema mara ya pili.

Nikaiambia simu yote, kwa mkupuo. "Mtoto alipiga chafya ulipotaja jina lako. Kwetu hiyo ina maana marehemu ameitika. Mimi nikawaambia watu kwamba alipiga chafya kwa jina la binti yangu aliyekufa."

Simu ilifikiri kwa muda mrefu, ikamweleza. Oksana alitazama mashine. Aliposema, alisema kidogo.

"Mimi si marehemu," simu ikatafsiri. Kisha: "Binti yako alifia nchi gani?"

"Hapa."

"Nani alikuwa pamoja naye?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Watu wa kwetu waliniuliza aliugua siku ngapi, alifanyiwa ibada gani, amezikwa wapi.

"Sijui," nikasema. "Watu wasiomjua."

Oksana aliweka simu kwenye benchi. Alichukua mkono wangu akaushika, mkono wake mkavu kwa dawa za kusafishia, na tukakaa hivyo mpaka mashine yangu ikalia. Nililia pia. Nilikuwa sijamlilia binti yangu mbele ya mtu tangu siku ile ya kopo la sukari.

Ijumaa asubuhi Kipngetich aliomba kuchelewa kazini. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake, Wairimu amekaa na mtoto na chupa ya maziwa. Nilibaki nimesimama. Nilisema yote, kuanzia ugoro. Sikuacha kitu, hata supu.

Wairimu ndiye aliyesema kwanza. "So uliniambia Serah juu nilikuwa kwa bafu na siwezi jua?"

"Ndiyo."

"Mum, nimemwita hilo jina siku tatu akilia."

"Ndiyo."

Alinitazama, akaangalia pembeni. Alikuwa amechoka mno hata kunikasirikia ipasavyo, na hilo liliniuma kuliko angenifokea.

Kipngetich alikuwa anasugua macho kwa viganja vyote viwili. "Nililia kwa airport, Mum," akasema. "Madereva wakiniangalia. Nikawaambia sister yangu amerudi."

"Najua."

"Sasa ni nani? Ni Too ama ni grandmother ya huyo mama wa third floor?"

"Sijui," nikamwambia. "Sijui, mwanangu, na sitajua. Ninachojua ni kwamba mimi sikumwita kwa jina lake."

Hapa mtu angetaka niseme kwamba mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Aliendelea kulia mwisho wa juma lote, na Jumatatu alipopimwa uzito ulikuwa umepanda vizuri, na daktari akasema ni maziwa ya kopo, nami sikubishana naye. Hata chafya hakupiga. Lakini hiyo ni Jumatatu, na mimi nilikuwa bado Ijumaa, nimesimama jikoni mwa watu, nangoja mwanangu aseme neno.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Wewe ndiye ulikuwa unamwita Serah. Yeye mwenyewe hata kazini aliwaambia wamwite Too. Badge yake ilikuwa imeandikwa hivyo." Akavuta fomu karibu. "Wale watu wa kile kibao walinipigia simu nikiwa kwa gari. Wakasema herufi zimezidi, nitoe gani. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nikasema tu, weka C. Ilichukua kama dakika moja hivi. Kila nikienda pale nasafisha majani ndio nisiisome."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilianza kulikata kabla ya watu wa kibao, nikalikata miaka ishirini na zaidi kabla yao, na mimi sikuwa na sababu ya nafasi. Sikumwambia. Nadhani alijua.

Wairimu alimhamisha mtoto bega la pili. "Andika basi," akamwambia mumewe. "Lakini andika yote."

Akashika kalamu. Mkono wake ulikuwa umechoka na usukani, na aliandika kwa herufi kubwa, moja katika kila kisanduku, kama alivyoandika alipokuwa darasa la kwanza nami nimesimama nyuma yake vilevile. Nilizihesabu zilivyokuwa zinakuja. Zilikuwa saba, kuanzia ile C. Alipomaliza ya mwisho alisogeza kidole kwenye vile visanduku vilivyobaki, kimoja kimoja, mpaka ukingo wa karatasi.

"Ona," akasema. "Hapa nafasi iko."